Paswadi ya databesi imetoka nje, na hakuna anayethubutu kuibadilisha

Fundi_wa_Mpakani · Busia · Jumanne, saa 2:40 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nimeshika kaa la moto na sijui niliweke wapi.

Ninahudumia mfumo wa SACCO moja huku mashariki. Matawi manne, wanachama wengi ni wakulima na wachuuzi wa hapa mpakani. Mfumo niliukuta, sikuutengeneza mimi. Aliyeutengeneza alihamia Kigali na simu zangu hapokei tena. Ni programu ya C# inayokaa kwenye kompyuta za matawi na kuongea moja kwa moja na SQL Server, databesi ya Microsoft, iliyoko makao makuu. Stringi ya koneksheni, ule mstari unaoiambia programu databesi iko wapi na iingie kwa paswadi gani, iko kwenye faili la config kando ya programu, peupe kabisa, mwenye Notepad yeyote anaisoma. Sura yake ni hii:

`Server=41.x.x.x,1433;Database=Akiba;User Id=sa;Password=...;`

Ndiyo, ni sa, ile akaunti ya msimamizi mkuu yenye ruhusa zote. Ndiyo, porti 1433, mlango wa SQL Server, inatazama dunia nzima. Najua, msinipige bado.

Sasa kulikuwa na mwanagenzi, mtoto wa chuo, alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Alipomaliza akaandika ripoti yake, na ili msimamizi wake aone kazi, akapandisha mradi wote GitHub, hifadhi ya mtandaoni ya msimbo wa programu. Ripo (folda ya mradi huko) ya wazi. Nimegundua leo mchana kwa bahati tu, siku 9 zimeshapita. Nimempigia, kijana akaomba radhi mpaka nikamhurumia, na ripo ameifuta.

Maswali yangu mawili. Kufuta kunatosha? Na ni wapi hasa pa kuificha hii paswadi isionekane tena? Nasikia kuna namna ya kuisimba, yaani kuigeuza isisomeke, ndani ya faili lenyewe. Kuibadilisha naogopa, kusema kweli, kwa sababu sijui ni vitu vingapi vinaitumia. Aliyejaribu mara ya mwisho, kabla yangu, mikopo ilisimama siku nzima ya soko na watu walitaka kumla nyama.

Afande_Mstaafu · Gulu

Marahaba kijana. Unauliza pa kuficha kitu ambacho kimelala barabarani siku 9.

Mimi nilikaa kwenye mawasiliano ya jeshi miaka mingi. Neno la siri la lindo lilikuwa linaishi usiku mmoja. Jioni mnapewa, alfajiri limekufa. Hatukuwa na ustadi wowote wa kulificha, kila aliyekuwa zamu alilijua. Askari akilewa akaropoka, hasara ilikuwa ya usiku ule tu. Hilo lako lina umri gani?

Fundi_wa_Mpakani

Afande, tangu 2017.

Afande_Mstaafu

Basi hilo si neno la siri, ni jina la kijiji.

NyaboDBA · Ntinda, Kampala · saa 3:25 usiku

Kufuta hakutoshi. Git, chombo kinachofuatilia matoleo ya msimbo, inatunza historia. Hata angeondoa lile faili peke yake akaacha ripo, toleo la juzi lingebaki mle ndani kwa yeyote anayejua kurudi nyuma. Na ripo ya wazi ikikaa siku 9 huwezi kujua nani ameshainakili. Kuna watu wamewasha programu zinazokesha zikichungulia kila kinachopandishwa GitHub, zinatafuta `Password=` na funguo za wingu. Chukulia imeshasomwa, halafu uendelee kutoka hapo.

Na kabla hajaja mtu kusema "angeiweka ripo ya faragha": mwaka 2016 wezi waliingia kwenye ripo ya faragha ya wahandisi wa Uber, wakakuta humo ufunguo wa hazina yao ya Amazon, wakaondoka na data ya watu milioni 57. Dunia iliambiwa Novemba 2017. Ripo ya faragha ni nyumba yenye mlango. Siri haikupaswa kuwa sebuleni hata hivyo.

Usiku huu usijisumbue na kusimba chochote. Funga 1433. Matawi yamefungwa saa hizi, hakuna atakayelia. Seva inayotazama intaneti na sa yake ni hadithi ya zamani sana: Mei 2002 kulikuwa na mnyoo ulioitwa Spida, kazi yake kugonga 1433 popote duniani na kujaribu sa bila paswadi yoyote, na ulikaribishwa kwenye nyumba nyingi. Asubuhi fungua kwa anwani za matawi tu. Kama matawi yanatumia modemu zenye anwani inayobadilika kila siku, weka WireGuard, njia ya siri kati ya matawi na seva, si kazi kubwa.

Halafu angalia kama mtu ameshaingia, na hapa pana kitu kinachouma. SQL Server ukiiacha ilivyokuja, kwenye logi (daftari la matukio) inaandika walioshindwa kuingia. Waliofaulu haiwaandiki. Mwizi mwenye paswadi sahihi hashindwi, kwa hiyo logi safi isikupe usingizi. Tazama `sys.server_principals` uone kama kuna akaunti iliyozaliwa siku hizi 9. Tazama kazi za SQL Server Agent, zile zinazojiendesha kwa ratiba. Tazama kama `xp_cmdshell`, inayoiruhusu databesi kuendesha amri za Windows, imewashwa na si wewe uliyeiwasha. Kisha washa uandishi wa wanaofaulu pia. Inataka kuzima na kuwasha huduma, ndiyo maana nasema usiku.

Na bakapu. Leo. Iweke mahali ambapo sa haifiki.

Fundi_wa_Mpakani · saa 6:50 usiku

Nimerudi kutoka ofisini, mlinzi alidhani mimi ni mwizi. 1433 imefungwa. Akaunti mpya hakuna, `xp_cmdshell` imezimwa, kazi za Agent ni zile zile tatu ninazozijua. Lakini logi ya walioshindwa, jamani! Kurasa na kurasa, sa, sa, sa, kutoka nchi ambazo sina hata shangazi huko. Na hizo ni za kabla ya ripo ya kijana. Watu wanagonga mlango huu miaka yote nami nimelala.

PHP_wa_Wandegeya · Kampala · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Wazee mnamtisha bure. Toa paswadi kwenye msimbo, weka kwenye `.env` (faili la mipangilio), faili lenyewe liweke kwenye `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze), mambo yameisha. Sisi wa Laravel tulishamaliza hii kesi zamani.

NyaboDBA

Kesi hamjaimaliza, mmeihamisha chumba. Ni hatua nzuri, siikatai: msimbo unaweza kupandishwa kokote bila siri kuondoka nao. Lakini nimekuta `.env` zikisomeka kwenye kivinjari kwa sababu mtu ameelekeza seva kwenye mzizi wa mradi badala ya folda ya `public`. Nimekuta ukurasa wa `phpinfo()`, unaoonyesha mipangilio ya seva, umesahaulika wazi, na vigezo vyote vya mazingira vimejipanga pale kama nyanya sokoni. Kwenye Linux vigezo vya mchakato viko `/proc`, yeyote anayeendesha kwa jina la mtumiaji yule yule anavisoma. Ukiviandika kwa `ENV` kwenye Dockerfile (maelekezo ya kufungasha programu), vinakaa ndani ya taswira (kifurushi chenyewe) na vinasafiri nayo.

Na `.gitignore` haifukuzi faili ambalo Git imeshalijua. Ulikomiti (uliliingiza kwenye historia ya Git) mara moja kwa bahati mbaya? Unahitaji `git rm --cached`, na hata hapo historia bado inalo. Wangapi humu wanajua hilo?

PHP_wa_Wandegeya

Nyabo, nimekaa chini.

Na kwa kuwa niko chini tayari, ngoja nitubu. Mwaka jana nilikuwa na PostgreSQL, databesi nyingine, nikaandika stringi kwa mtindo wa URL, `postgresql://mtumiaji:paswadi@seva:5432/databesi`. Paswadi yenyewe ilikuwa na alama ya @ katikati. Programu ikaikata pale pale kwenye @ ya kwanza, nusu ya pili ikaidhani ni jina la seva. Siku mbili nahangaika na mtandao! Kumbe @ ndani ya paswadi inatakiwa iandikwe `%40`, na # ni `%23`, na mkwaju ni `%2F`. Lakini aibu yenyewe iko hapa: ujumbe wa kosa ulisema haioni seva inayoitwa hivi na hivi, na hiyo "hivi na hivi" ilikuwa nusu ya paswadi yangu. Imeandikwa kwenye logi, na logi tulikuwa tunazituma kwenye kundi la WhatsApp la kazini.

Mwanza_Moja · Mwanza

Hahaha, poleni majirani. Ninyi mnasema paswadi, huku kwetu walimu wametulazimisha nywila, ila ikivuja maumivu ni yale yale.

Niongeze la PostgreSQL tu. Kwa skripti za bakapu za usiku msiandike nywila kwenye mstari wa amri, ina tabia ya kubaki kwenye historia ya shell. Kuna faili la `~/.pgpass`: seva, porti, databesi, mtumiaji, nywila, vikitenganishwa kwa nukta mbili. Ruhusa zake lazima ziwe 0600, zikilegea zaidi ya hapo faili linapuuzwa kabisa. Napenda programu inayogoma namna hiyo. Na `sslmode` yake, mpangilio wa kusimba mawasiliano, msiiache ilivyo. Ya kuzaliwa nayo ni `prefer`, maana yake ikishindwa kupata njia iliyosimbwa inapita peupe bila kukuambia kitu. Andikeni `verify-full`.

Fundi_wa_Mpakani · saa 4:05 asubuhi

Asanteni wote. Dada NyaboDBA, nirudi kwenye swali langu, maana hujalijibu. Nimesoma kuhusu `aspnet_regiis`, kwamba inasimba kile kipande cha `connectionStrings` ndani ya faili. Nikifanya hivyo kwenye kompyuta za matawi si nitakuwa nimepona?

NyaboDBA

Sikulijibu kwa sababu ni swali zuri mahali pabaya.

Ile kitu inafanya kazi. Kwa programu ya wavuti iliyo kwenye seva yako, faili likinakiliwa kwenye flashi au likiingia kwenye bakapu, anayelipata anaona takataka tu, kwa sababu ufunguo umebaki kwenye ile mashine. Hiyo ni faida ya kweli, ichukue. Lakini aliyeketi kwenye mashine yenyewe na ruhusa za msimamizi anaifungua kwa amri moja. Ni kama wale wanaofunga nyumba kisha wanaweka ufunguo juu ya fremu ya mlango. Wapita njia hawaingii, lakini mwenyeji wa mtaa anajua.

Sasa kompyuta za matawi. Programu yako lazima iweze kufungua paswadi ili iitumie. Kama programu inaweza, mwenye kompyuta anaweza. Sikia hilo vizuri: hakuna pa kuficha paswadi ya databesi ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Hapana. Isimbe, ikunje, iandike kinyumenyume, ifiche ndani ya DLL, ni muda tu.

Kwa hiyo acha kuuliza ikae wapi. Uliza, ikisomwa, aliyeisoma anaweza kufanya nini? Leo jibu ni: kila kitu. Anasoma akiba za watu, anabadilisha salio, anafuta databesi, anazima seva. Karani wa tawi anahitaji kupokea amana, kutoa pesa na kutazama salio la mtu aliye mbele yake. Mpe akaunti inayoweza hayo matatu tu, tena kupitia taratibu zilizohifadhiwa (amri zilizoandaliwa ndani ya databesi), `EXECUTE` (ruhusa ya kuziendesha) peke yake, hata `SELECT` (ruhusa ya kusoma) kwenye jedwali asiwe nayo. Na kila tawi liwe na akaunti yake. Kompyuta ya tawi moja ikiibwa, unakata tawi moja, mengine matatu yanaendelea kukopesha.

Dawa kamili ni programu ya tawi isiijue databesi kabisa, iongee na huduma ya kati kwa HTTPS, na karani aingie kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ni miezi. Usiingoje.

Afande_Mstaafu

Nyabo amesema. Hata sisi ramani ya mbele haikupewa kila kikosi nzima. Kila mmoja kipande chake.

Mkaguzi_Mbarara · Mbarara · saa 7:30 mchana

Samahani kuwakatiza mafundi. Ndugu Fundi, umemwambia meneja wako?

Kwenye databesi hiyo nina hakika kuna NIN (namba za kitambulisho cha taifa) za wanachama, namba za simu za mobile money, picha, wadhamini. Hizo ni data binafsi chini ya Data Protection and Privacy Act ya Uganda ya 2019, na kanuni zake zilitoka 2021. Sheria inasema ukiwa na sababu ya kuamini kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, unatoa taarifa mara moja kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ile iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na ofisi ndiyo itakayoamua kama wanachama wenyewe waarifiwe. Haisemi usubiri mpaka uwe na uhakika. Na uamuzi wa kutoa au kutotoa si wa fundi. Ni wa bodi. Wewe kazi yako ni kuandika ukurasa mmoja: paswadi ilikaa wazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, tulifanya hivi usiku ule, hatukuona dalili hizi, na logi hazikuwa zinaandika waliofaulu. Mstari huo wa mwisho usiufiche. Nimekagua SACCO za kutosha kujua kwamba fundi anayeficha ndiye anayebebeshwa mzigo wote siku ya mwisho.

Fundi_wa_Mpakani

Hapana, sijamwambia. Nilitaka kwanza nizime moto.

Mkaguzi_Mbarara

Mwambie leo. Kwa maandishi.

Fundi_wa_Mpakani · Jumatano, saa 3:10 usiku

Nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kijana ni mtoto wa nani. Nikasema kosa si la kijana, paswadi haikupaswa kuwa kwenye folda aliyopewa. Bodi inakaa Ijumaa, na barua ya ile ofisi inaandikwa.

Sasa dada, hofu yangu bado iko pale pale. Nimetengeneza akaunti za matawi, nimejaribu, zinaingia. Lakini siku nikiizima sa, nini kitakufa? Sina orodha. Hakuna aliyewahi kuwa nayo.

NyaboDBA · saa 4:00 usiku

Hili ndilo swali ulilopaswa kuanza nalo, na karibu kila ofisi niliyoingia hapa Kampala inalo. Watu hawakosi mahali pa kuficha paswadi. Wanakosa orodha ya wanaoitumia, ndiyo maana wanaiogopa, ndiyo maana inazeeka.

Seva yenyewe inajua. Tazama `sys.dm_exec_sessions`, orodha ya waliomo ndani sasa hivi: kuna `login_name`, kuna `host_name`, kuna `program_name`. Tengeneza jedwali dogo, weka kazi ya Agent iwe inanakili humo kila baada ya dakika chache kila anayetumia sa. Iache wiki mbili, zipite mwisho wa mwezi, maana kuna vitu vinavyoamka mwisho wa mwezi tu. Na kwenye kila stringi mpya unayoandika ongeza `Application Name=`, kwa mfano `Application Name=Karani-Malaba`. Haigharimu kitu, na siku ya siku utajua nani ni nani badala ya kuona vitu kumi vyote vinajiita .Net SqlClient Data Provider.

Kisha unahamisha mmoja mmoja. Huibadilishi paswadi ya sa, unaipunguzia wateja mpaka ibaki peke yake kwenye baa. Hapo ndipo `ALTER LOGIN sa DISABLE`. Na ujue, SQL Server haimfukuzi aliyekwisha kuingia kwa sababu tu umebadilisha paswadi. Waliomo wanabaki mpaka wakatike. Ndiyo maana mtu anabadilisha Jumamosi, kila kitu kinaonekana salama, halafu seva inawashwa upya Jumatano na kila kitu kinaanguka, na hakuna anayekumbuka Jumamosi.

Walio na MySQL wana bahati kidogo. Tangu 8.0.14 akaunti moja inaweza kuwa na paswadi mbili kwa wakati mmoja, unaweka mpya kwa `RETAIN CURRENT PASSWORD`, unahamisha polepole, kisha unatupa ya zamani. Sisi wengine tunaiga kwa akaunti mbili zinazopokezana zamu.

PHP_wa_Wandegeya

Na Vault, programu ya kutunza siri, je? Nimeona watu wanaisifu, inatengeneza paswadi ya databesi ya muda, ikiisha inajifuta yenyewe.

NyaboDBA

Ni chombo kizuri, mahali pake. Afande angeipenda, ni lile neno la lindo la usiku mmoja. Lakini Vault ikizimwa ikiwashwa inaamka imefungwa, na ilivyo kawaida inataka watu watatu kati ya watano walete vipande vya ufunguo ndipo ifunguke, isipokuwa umeipangia ijifungue kwa huduma nyingine. Busia, umeme ukikatika saa nane za usiku, hao watatu utawatoa wapi? Fundi yuko peke yake na seva moja. KeePass, kabati la paswadi kwenye faili lililosimbwa, kwa ajili yake, na nakala ya pili kwa bodi.

Mkaguzi_Mbarara

Bahasha. Iliyofungwa, yenye saini mbili juu ya mfungo, kwenye sefu ya ofisi. Msicheke. Fundi akipata ajali ya boda kesho, SACCO itafunguliwaje?

Afande_Mstaafu

Hakuna aliyecheka.

Fundi_wa_Mpakani · wiki mbili na siku tatu baadaye

Wakuu, nilipotea, nilikuwa nahesabu. Nilidhani nitakuta watumiaji watano wa sa. Wako 14.

Matawi manne nilitegemea, na tovuti ndogo ya wanachama. Halafu ikaja skripti inayotuma SMS za marejesho, na inaendeshwa kutoka laptopu ya afisa mikopo, ndiyo maana akienda likizo wanachama hawapati SMS, fumbo la miaka limekwisha. Ikaja bakapu ya usiku kwenye kompyuta iliyoko chini ya meza ya meneja, imezibwa na maboksi, wote tulidhani ni mbovu. Ikaja programu ya kuchapisha vitabu vya akiba. Ikaja laptopu yangu mwenyewe mara mbili, aibu. Nyingine ni ripoti za hapa na pale, nisiwachoshe.

Lakini mmoja alinikosesha usingizi. Mashine inayoitwa TAWI-MALABA-02. Inaingia kwa sa kila siku saa 2 asubuhi, inakaa mpaka jioni. Tawi la Malaba lina kompyuta moja tu, na ni 01. Na niliposhangaa imepitaje, kumbe imo ndani ya WireGuard, kwa sababu mimi mwenyewe niliwapa ruhusa mtandao mzima wa lile jengo.

Nikapanda taxi kwenda Malaba. Karani akaniambia, mbona 02 tuliiuza zamani, ilikuwa nzito, tukamuuzia mwenye duka la fotokopi la mlango wa pili. Nikaenda. Mashine ipo, inachapa barua za watu na CV. Na intaneti anaazima kwetu kwa makubaliano na karani, bei ni soda mbili kwa wiki. Kwenye kona ya skrini programu yetu iko, inajiwasha kila asubuhi, inajiunganisha na databesi ya akiba za watu, inangoja. Mwenye duka anasema hajawahi kuibonyeza, alidhani ni antivirusi.

Mwanza_Moja

Antivirusi! Mungu wangu.

NyaboDBA

Ungebadilisha paswadi siku ile ya kwanza kwa hasira, usingewahi kumjua huyo. Angekatika kimya kimya, na kompyuta nyingine ingeuzwa hivyo hivyo mwakani.

Hesabu inasemaje leo?

Fundi_wa_Mpakani

12 wamehama, kila mmoja na akaunti yake na `Application Name` yake. Bakapu haina paswadi tena, kwa kuwa kompyuta ile iko kwenye domeni yetu nimetumia `Integrated Security=SSPI`, Windows yenyewe inamtambulisha. Tovuti nayo hivyo hivyo. Wa 13 nilikuwa mimi, laptopu yangu. Wa 14 ni Malaba, yule sihamishi, namkata. Faili za matawi nimepeleka kwa mkono, hakuna kilichopita WhatsApp. PHP_wa_Wandegeya amenifunza.

Jumapili saa tatu usiku naizima sa. Mniombee.

Fundi_wa_Mpakani · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Haya. Jana imezimwa. Nikawasha seva upya makusudi ili kila aliyekuwa ndani atoke. Nikakaa pale mpaka saa saba na chai yangu, logi imetulia, kinachoshindwa ni Malaba ya fotokopi tu, ilipowashwa asubuhi.

Leo saa 1:20 asubuhi simu imeita. Mwenyekiti wa bodi. "Kijana, karatasi yangu imekufa." Karatasi gani mzee? Kumbe ana faili la Excel, alitengenezewa na yule fundi aliyehamia Kigali, kila asubuhi anabonyeza kitufe na linamvutia jumla ya akiba na mikopo ya matawi yote. Ndani yake sa, na paswadi. Wiki zote mbili nilizokuwa nahesabu alikuwa kwao Bududa kwenye mazishi na kugawa urithi, hakulifungua hata mara moja. Mtumiaji wa 15.

Nimekwenda ofisini kwake. Nimemtengenezea akaunti yake, inasoma jumla tu, haioni jina wala NIN ya mtu yeyote. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba hii asimpe mtu. Akaitikia vizuri kabisa. Saa nane nikarudi kuchukua chaja yangu niliyoisahau. Ameiandika kwenye kikaratasi cha njano, amekibandika chini ya skrini.

PHP_wa_Wandegeya

Banange!

Afande_Mstaafu

Ofisi yake ina kufuli?

Fundi_wa_Mpakani

Inayo, afande. Na katibu wake haruhusu hata mimi kuingia bila kuuliza mara mbili.

NyaboDBA

Na inasoma jumla tu, haiandiki popote?

Fundi_wa_Mpakani

Jumla tu. Namba ambazo zinabandikwa ubaoni kwenye mkutano mkuu kila mwaka.

NyaboDBA

Basi kiache kikaratasi cha mzee. Ile kompyuta ya Malaba umeshaondoa programu?

Fundi_wa_Mpakani

Kesho. Mwenye duka amesema nisije mikono mitupu, antivirusi yake naichukua na intaneti yake nimeikata.